Kununua nyumba Stamford: namna ya kuisoma bei kabla ya kutoa ofa

Stamford ni mji wa gulio kusini kabisa mwa Lincolnshire, kaunti ya mashariki mwa Uingereza, kando ya mto Welland, pale kaunti hiyo inapopakana na Rutland na Cambridgeshire. Gulio kubwa ni la Ijumaa, katika Broad Street. Mji wenyewe ni mdogo, na nyumba nyingi za katikati zimejengwa kwa mawe ya chokaa ya manjano hafifu. Mtu anayehamia kutoka Peterborough, mwendo wa kilomita 20 hivi, hushtuka akiona bei: nyumba yenye vyumba vilevile na ukubwa uleule huuzwa ghali zaidi huku.

Hicho kinachoongezeka kwenye bei ni malipo ya sura ya mji. Si pesa ya bure, kwa sababu sura hiyo inalindwa na sheria na hutunzwa kwa vifaa na mafundi wa gharama. Kwa hiyo kabla ya kutoa ofa inabidi uitenganishe bei: kiasi gani ni cha nyumba yenyewe, kiasi gani ni cha mtaa ilipo, na kiasi gani kitakurudia kama bili baada ya kuhamia.

Kwa nini mji huu umekuwa ghali

Barabara kuu ya zamani ya London kwenda York ilipita katikati ya Stamford, na ndiyo iliyojenga hoteli na nyumba za wafanyabiashara unazoziona leo. Kisha katika karne ya 19 njia kuu ya reli ya kaskazini ikapitia Peterborough. Stamford ilipata kituo mwaka 1848, lakini si kwenye njia kuu, na viwanda vikaenda kule kwenye njia kuu. Mashamba ya wazi ya kaskazini mwa mji nayo hayakugawanywa kwa wamiliki, ili yaweze kujengwa, hadi miaka ya 1870, hivyo mji ulibaki umejibana ndani ya mipaka yake ya zamani. Mwaka 1960 magari ya A1, kama ile barabara kuu inavyoitwa sasa, yakapelekwa barabara ya pembeni. Mwaka 1967 Stamford ikawa mji wa kwanza Uingereza kutangazwa kuwa na eneo la hifadhi ya majengo. Leo una majengo zaidi ya 600 yaliyoorodheshwa kama urithi.

Idadi hiyo haiwezi kuongezwa. Nyumba ya mawe ya karne ya 18 katika Barn Hill au St Mary's Hill haijengwi tena, na wanaoitaka wanazidi: wastaafu waliouza nyumba London, familia zinazofuata shule, na wanaofanya kazi London siku mbili tatu kwa wiki. Mwaka 2013 gazeti la Sunday Times liliutaja mji huu kuwa mahali bora pa kuishi nchini, na matangazo ya madalali hayajaacha kulirudia jambo hilo.

Habari ya treni ihesabu mwenyewe. Kutoka Peterborough treni za haraka hufika London King's Cross kwa takriban dakika 50, na Stamford hadi Peterborough ni kama robo saa. Lakini treni ya Stamford kwa kawaida ni moja kwa saa. Ukiikosa ile ya kuunganisha jioni, unakaa Peterborough. Hesabu mlango kwa mlango, si kituo kwa kituo.

Shule nazo zina mtego wake. Lincolnshire bado ina shule za sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani wa miaka 11, lakini Stamford haina. Iliyo karibu iko Bourne. Shule kongwe ya mjini, iliyoanzishwa 1532, ni ya kulipia. Baadhi ya watoto huvuka mpaka kwenda sekondari ya Great Casterton, ambayo iko Rutland. Dalali akikuambia nyumba "iko kwenye eneo la shule nzuri", soma vigezo vya kujiunga vya shule yenyewe, upime umbali kutoka mlango wa nyumba hiyo.

Ugawe mji vipande

Usilinganishe bei za Stamford nzima kwa mkupuo. Wastani wa mji unachanganya jumba la mawe na fleti ya juu ya duka, na hauwezi kukusaidia lolote.

Kitovu cha zamani, kuanzia Broad Street na High Street hadi mtoni, ndicho chenye majengo ya urithi mengi zaidi, maegesho machache na bei isiyotabirika, kwa sababu hakuna nyumba mbili zinazofanana. St Martin's, ng'ambo ya kusini ya mto kuelekea jumba la Burghley, ina sura hiyohiyo na utulivu zaidi kidogo. Magharibi, kwenye barabara za Tinwell na Empingham, kuna nyumba za pekee zenye bustani. Huko unalipia nafasi na njia ya haraka kuingia A1. Kaskazini ya kitovu zipo safu za nyumba za enzi ya Malkia Victoria, zilizojengwa baada ya yale mashamba kugawanywa. Kwa maoni yetu ndizo zinazomfaa zaidi mnunuzi wa mara ya kwanza: unatembea dakika kumi hadi gulioni, na nyingi hazimo kwenye orodha ya urithi. Mbele zaidi kaskazini na mashariki kuna mitaa ya karne ya 20, ikiwemo iliyojengwa na halmashauri. Ina kuta imara, vyumba vipana na bei ya chini kwa mita ya mraba, na watu huipuuza kwa sababu tu haionekani kwenye kadi za posta.

Kama bajeti haifiki, angalia Bourne na Market Deeping kabla ya kujibana kwenye fleti ndogo Stamford. Ni miji ya magulio pia, na mara nyingi bei zake ni nafuu.

Hesabu ya bei kwa mita ya mraba

Bei inayotangazwa ni matakwa ya muuzaji. Bei halisi za mauzo ya Uingereza na Wales zimerekodiwa na Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, tangu Januari 1995, na kuzitafuta ni bure kwenye intaneti. Fanya hivi:

1. Andika mtaa unaoutaka na mitaa miwili mitatu inayofanana nao kwa umri na aina ya nyumba. Orodhesha mauzo yote ya miaka sita hivi iliyopita. Ya miezi miwili mitatu ya karibuni huenda hayajaingia bado, kwa sababu usajili huchelewa.

2. Ondoa yasiyolingana. Nyumba za safu linganisha na za safu, milki huru (nyumba na ardhi yake ni mali yako bila ukomo) na milki huru. Fleti zenye milki ya muda, yaani za kukodishwa kwa miaka iliyowekwa, zitenge kabisa.

3. Kwa kila nyumba tafuta cheti cha matumizi ya nishati kwenye daftari la serikali, nalo ni la bure. Cheti kinaonyesha ukubwa wa sakafu kwa mita za mraba. Gereji na stoo zisizo na joto hazihesabiwi, na ghorofa ya darini iliyoongezwa baada ya cheti kutolewa haitaonekana. Palipo na shaka, linganisha na ramani ya vyumba kwenye tangazo.

4. Ilete bei ya zamani hadi leo kwa kutumia fahirisi rasmi ya bei za nyumba ya South Kesteven, wilaya ilimo Stamford, ambayo hutolewa kila mwezi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, nyumba iliuzwa pauni 262,000 wakati fahirisi ni 100, na leo fahirisi ni 124. Thamani yake leo ni kama pauni 324,880. Ukigawanya kwa mita za mraba 84 unapata takriban pauni 3,868 kwa mita.

5. Rudia kwa nyumba zisizopungua nane, zipange kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha tazama ile ya katikati. Usichukue wastani, nyumba moja iliyokarabatiwa kifahari itakupotosha.

Fahirisi hiyo ni ya wilaya nzima, ikiwemo Grantham, mji tofauti kabisa na Stamford, kwa hiyo ichukue kama mwongozo. Nyumba inayotangazwa juu ya ile ya katikati kwa zaidi ya asilimia 10 inabidi iwe na sababu unayoweza kuitaja kwa jina: maegesho yake yenyewe, bustani inayotazama kusini, paa jipya lenye risiti. "Ina mvuto" si sababu, kwa sababu mvuto wa mtaa tayari umo ndani ya bei za majirani.

Jengo la urithi: unachonunua kisheria

Tafuta anwani kwenye orodha ya taifa inayotunzwa na Historic England, shirika la umma la majengo ya urithi. Majengo yana madaraja matatu, I, II* na II, na zaidi ya asilimia 90 ya yote nchini ni daraja la II. Daraja la chini halimaanishi uhuru zaidi wa kufanya utakalo. Jengo lote limelindwa, nje na ndani: ngazi, milango, meko ya zamani, mbao za sakafu, hata lipu. Ulinzi huo unafika pia kwenye vitu vilivyoshikamana nalo, na kwenye ukuta wa bustani au banda lililokuwepo uani kabla ya Julai 1948. Maelezo mafupi kwenye orodha ni ya kulitambua jengo tu. Kitu kutotajwa humo hakukifanyi kiwe huru.

Kubadilisha chochote kinachogusa hadhi yake kunahitaji kibali maalumu cha halmashauri. Maombi hayalipiwi ada, na muda wa kawaida wa uamuzi ni wiki 8, ila mchoraji na mtaalamu wa majengo ya kale watataka malipo yao. Kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Kosa la muuzaji halikufanyi wewe mhalifu, lakini amri ya kurudisha jengo katika hali yake inakwenda kwa mmiliki wa sasa, na haina ukomo wa muda. Dirisha la plastiki lililowekwa miaka 20 iliyopita linaweza kuamriwa kung'olewa likiwa mikononi mwako. Kwa hiyo ukiwa ndani ya nyumba andika kila kinachoonekana kipya: madirisha, ukuta uliobomolewa ili jiko liungane na sebule, bafu lililopachikwa darini, dirisha la paani. Kisha tafuta kila kimoja kwenye kumbukumbu za vibali za South Kesteven, ambazo ziko wazi kwa umma. Kisichokuwa na kibali mwambie mwanasheria wako akidai kabla ya mkataba. Ukiambiwa bima italifunika jambo hilo, uliza inalipa nini hasa. Bima haiwezi kuizuia halmashauri isitoe amri.

Nyumba isiyo kwenye orodha lakini iliyomo ndani ya eneo la hifadhi ina masharti mepesi zaidi, ila yapo. Kuibomoa kunahitaji kibali. Kukata mti wenye shina la kipenyo cha zaidi ya milimita 75, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, kunahitaji kuitaarifu halmashauri wiki 6 kabla.

Jambo jingine la miji ya aina hii ni vichochoro. Stamford imejaa njia za kupita chini ya nyumba kwenda uani, zilizokuwa za farasi na mikokoteni. Chumba chako cha kulala kinaweza kuwa juu ya njia ya jirani, au cha jirani juu ya ukumbi wako. Milki ya namna hiyo huzitia shaka benki, kwa sababu ukuta wa chini ukidondoka, nani atalazimika kuujenga? Mwombe mwanasheria akuonyeshe kwenye ramani ya hati nani anamiliki kila ghorofa, nani ana haki ya kupita na mapipa ya taka, na kuna makubaliano gani ya matengenezo. Hati ya nyumba yoyote iliyosajiliwa unaweza kuinunua mwenyewe Land Registry kwa pauni 7. Inunue mapema, kabla hujaanza kulipa wataalamu.

Mawe, chokaa na paa

Ukaguzi wa benki ni kwa ajili ya benki. Kwa nyumba ya kabla ya 1919 lipia ukaguzi wa kiwango cha 3 cha RICS, chama cha wakaguzi wa majengo, na mkaguzi awe mtu anayezijua nyumba za mawe. Lakini mengi unaweza kuyaona mwenyewe ukiwa barabarani.

Anza na viungo kati ya mawe. Kuta za Stamford zilijengwa kwa udongo wa chokaa. Mawe haya hunyonya mvua kisha huitoa kama mvuke, na chokaa ya kwenye viungo, kwa kuwa ni laini zaidi, ndiyo inayopitisha maji mengi na kuchakaa kwanza. Hiyo ndiyo kazi yake. Baada ya miongo kadhaa unaipaka upya, mawe yakabaki salama. Katika karne ya 20 mafundi walijaza viungo kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi maji, basi unyevu wote ukalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi hukusanyika nyuma ya uso wa jiwe, baridi kali huyagandisha maji, na uso unabanduka tabaka kwa tabaka.

Dalili yake huwezi kuikosa ukishaijua. Sogea karibu na ukuta, usawa wa kiuno. Ukiona mistari ya kijivu imebaki imechomoza na mawe yameliwa kwa ndani kati yake, hiyo ni saruji inayoua ukuta. Kwangua kiungo kwa ukucha: chokaa hutoa unga, saruji haitoi kitu. Pangusa jiwe kwa kiganja. Likikuachia mchanga mwingi, limeshaanza kuoza. Kurekebisha ni kutoa saruji kwa mkono, taratibu, bila mashine ya kukata inayovunja kingo za mawe, kisha kujaza chokaa kwa tabaka wakati hakuna hofu ya baridi ya kugandisha. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi, na bei yake hupandishwa na jukwaa la kusimamia.

Ndani, usiwe mwepesi kununua tiba ya unyevu kwa sindano za kemikali. Katika nyumba za mawe unyevu wa chini ya ukuta mara nyingi una chanzo cha kawaida: ardhi ya nje imepanda juu kuliko sakafu ya ndani, mfereji wa paa umeziba, lipu ya saruji imefunga ukuta, au rangi ya plastiki imepakwa juu ya lipu ya chokaa. Tibu chanzo kwanza, kisha upe ukuta miezi ukauke. Mtu anayetoa ripoti ya unyevu bure huku akiuza tiba hiyohiyo hafai kuwa shahidi wako pekee.

Sasa inua macho. Mapaa mengi ya zamani yameezekwa kwa vipande vya mawe kutoka Collyweston, kijiji kilicho kusini-magharibi mwa mji. Ni mawe ya chokaa yaliyokuwa yakichimbwa na kuachwa nje yakiwa na maji, ili baridi ya kipupwe iyapasue kuwa mabamba. Vipande vikubwa huwekwa chini karibu na mchirizi, na vinapungua ukubwa hadi kileleni. Paa hilo ni zuri mno, na ni zito mno. Tazama mstari wa kilele kutoka upande wa pili wa barabara. Kulegea kidogo katikati ni umri. Shimo la ghafla ni kenchi au papi iliyovunjika. Tazama pia vipande vilivyoteleza karibu na mchirizi, maana huashiria fito au vigingi vilivyooza. Ingia darini na tochi.

Kuezeka upya hakumaanishi kununua mawe yote mapya, kwa kuwa mengi ya zamani hutumika tena, lakini sehemu huvunjika na mapya ni adimu. Uchimbaji umefufuliwa miaka ya karibuni kwa kugandisha mawe kwa mashine badala ya kungoja kipupwe, na bado ni bidhaa ya gharama. Kwenye jengo la urithi usitegemee kwamba utaruhusiwa kubadilisha kwa vigae vya zege. Pata makadirio ya paa kutoka kwa fundi wa mawe hayo kabla ya kukubaliana bei, na uyaweke mezani wakati wa kupatana. Hakuna hoja yenye nguvu zaidi ya karatasi hiyo.

Kuhusu joto: cheti cha nishati cha nyumba hizi mara nyingi kitakuwa D, E au chini zaidi, na kitapendekeza kuta zivalishwe kizuia baridi. Kwenye mawe pendekezo hilo likifuatwa bila mtaalamu hufungia unyevu ndani, na kwenye jengo la urithi linahitaji kibali. Yanayofanya kazi bila balaa ni kizuia baridi darini, kuziba nyufa za milango, na kioo cha pili kinachofungwa upande wa ndani wa dirisha la zamani. Omba bili za gesi na umeme za mwaka mzima, si za kiangazi.

Maji na radoni

Welland hufurika kwenye malisho ya mtoni, na mitaa ya karibu inahitaji uangalifu. Huduma ya serikali ya hatari ya mafuriko huonyesha kila anwani: hatari ya "juu" ni uwezekano wa zaidi ya asilimia 3.3 kila mwaka, na ya "kati" ni asilimia 1 hadi 3.3. Tazama mto na pia maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, maana hayo hufika hata kusiko na mto. Nyumba zilizojengwa kabla ya 2009 zinaweza kupata bima nafuu kupitia mpango wa Flood Re, ambao umepangwa kwisha 2039.

Miamba ya chokaa ya eneo hili pia hutoa radoni, gesi isiyo na harufu inayoongeza hatari ya saratani ya mapafu. Agiza ripoti ya anwani kwa pauni chache. Kipimo chenyewe ni vikasha viwili vinavyokaa ndani miezi mitatu, na kiwango cha kuchukua hatua ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Dawa yake ipo, ni pampu chini ya sakafu, kwa hiyo lisikufukuze; liingize tu kwenye hesabu.

Itembelee nyumba kwa nyakati zake

Dalali atakupangia Jumanne saa nne asubuhi kwenye ukimya. Nenda pia Ijumaa alfajiri, vibanda vinaposimikwa Broad Street na magari ya mizigo yanapotafuta pa kusimama. Nenda Jumamosi usiku baa zinapofungwa. Nenda asubuhi ya shule, halafu siku ya mvua kubwa, usimame uani uangalie maji yanakwenda wapi. Ukiweza, nenda pia katika wiki ya maonyesho ya Kwaresima, baada ya Jumapili ya akina mama, ambapo mabembea na mashine za michezo huchukua mitaa ya katikati, na mwanzoni mwa Septemba, mashindano ya farasi ya Burghley yanapojaza barabara. Anayeyapenda mambo haya atapata mji unaoishi. Anayetaka ukimya asinunue pale, kwani gulio limemtangulia kwa karne nyingi.

Ukiwa gulioni zungumza na wauzaji wa mboga na samaki, uliza wanaouza ni wachache au wengi kuliko zamani. Hesabu maduka matupu ya High Street. Kisha soma mpango wa halmashauri uliopitishwa 2020, unaotenga ardhi kubwa kaskazini mwa mji kwa mtaa mpya na barabara ya kuunganisha. Nyumba inayotazama shamba upande huo leo haitalitazama milele.

Kwenye nyumba mpya kabisa, swali la kwanza ni nani anatunza barabara na bustani za pamoja. Nyingi zina ada ya mwaka inayolipwa kampuni ya usimamizi hata kama milki ni huru. Dai kiasi chake na namna kinavyoweza kupanda.

Ushuru wa stempu ukiwa na nyumba Afrika Mashariki

Sehemu hii isome mara mbili. Kwa Uingereza, viwango vya ushuru huu, ambao mnunuzi huulipa serikalini, tangu Aprili 2025 ni sifuri kwa pauni 125,000 za kwanza, asilimia 2 hadi 250,000, asilimia 5 hadi 925,000, kisha vinapanda. Mnunuzi wa mara ya kwanza hulipa sifuri hadi 300,000 na asilimia 5 hadi 500,000. Bei ikipita 500,000 anapoteza nafuu yote. Mwenye nyumba nyingine huongezewa asilimia 5 juu ya bei yote, na asiyekuwa mkazi huongezewa asilimia 2 nyingine.

"Nyumba nyingine" ni popote duniani. Nyumba yako Kigamboni au Nyali yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi inahesabika, na ya mume au mke wako inahesabika pia. Kwa nafuu ya mnunuzi wa kwanza hali ni kali zaidi: ukiwahi kumiliki nyumba ya kuishi popote, hata fungu la urithi, huipati. Kiwanja kitupu si nyumba, lakini boma lililoanza kuinuliwa mwonyeshe mwanasheria kabla hujajaza fomu.

Chukua nyumba ya pauni 385,000. Mnunuzi wa kwanza analipa 4,250. Mnunuzi wa kawaida 9,250. Mwenye nyumba nyingine 28,500. Mwenye nyumba nyingine ambaye hakufikisha siku 183 nchini katika miezi 12 iliyotangulia, 36,200. Kama uliuza makazi yako makuu ya awali ndani ya miaka mitatu na hii ndiyo inayochukua nafasi yake, huenda ile asilimia 5 isikuhusu. Peleka hati zote.

Ofa, benki na mkataba

Toa ofa kwa maandishi ukiambatisha barua ya benki na hesabu yako ya mita za mraba. Ikikubaliwa, omba tangazo liondolewe sokoni. Fahamu kwamba bado hakuna anayefungwa: hadi mbadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaweza kumpokea mwenye bei kubwa zaidi, nawe unaweza kujitoa.

Benki nayo itakadiria. Mkikubaliana 400,000 na benki ikasema 380,000, mkopo wa asilimia 90 unakuwa 342,000, na badala ya 40,000 unahitaji 58,000 mfukoni. Ndiyo maana hesabu ya awali ina thamani: ukiwa nayo, unarudi kwa muuzaji na ushahidi.

Anza mapema kukusanya uthibitisho wa fedha. Pesa iliyotoka kwenye kikoba, kuuza kiwanja au kuchangiwa na ndugu itahojiwa na mwanasheria kwa sheria za utakatishaji fedha. Andaa mkataba wa mauzo, taarifa za benki za miezi 6, taarifa za M-Pesa zilizochapishwa, na barua ya kila ndugu aliyechangia ikisema ni zawadi au mkopo. Karatasi za Kiswahili zitahitaji tafsiri rasmi.

Siku ya kubadilishana mikataba unalipa amana, kwa kawaida asilimia 10, na ukijitoa baada ya hapo unaipoteza. Kuanzia siku hiyo hatari ya jengo kwa kawaida ni yako ingawa hujakabidhiwa funguo, kwa hiyo bima ianze siku hiyohiyo. Ikatie kwa gharama ya kulijenga upya, si kwa bei ya kununua: nyumba ya urithi ikiungua utatakiwa kuirudisha kwa mawe, chokaa na mabamba ya Collyweston, na gharama hiyo inaweza kuipita bei ya soko.

Baada ya kukabidhiwa, fomu na malipo ya ushuru wa stempu viwe vimefika ndani ya siku 14. Hati mpya ikitoka Land Registry, fungua ramani yake uilinganishe na uani ukiwa umesimama hapo hapo: ukuta wa nyuma, banda, na kile kichochoro. Kosa la mchoro likionekana wiki hiyo, mwanasheria bado ana jalada lako mezani na anaweza kuomba masahihisho.